Frida Kahlo: Mwanamke aliyejichora kwenye mpaka wa Mexico na Marekani

Mwaka 1932, Frida Kahlo alikuwa Detroit, Marekani, na watu wengi walimjua kama mke wa mtu tu. Staa alikuwa mumewe, Diego Rivera, aliyeitwa kuchora kuta za jumba la sanaa la mji huo kwa fedha za Edsel Ford, bosi wa kampuni ya magari.

Frida alizaliwa 1907 Coyoacán, Mexico City. Baba yake alikuwa mpiga picha mzaliwa wa Ujerumani, mama yake Mmexico. Polio ilimdhoofisha mguu akiwa mtoto. Septemba 1925, basi alilopanda liligongana na tramu, akavunjika uti wa mgongo na nyonga. Alitaka kuwa daktari, lakini ndoto hiyo ikaishia hapo. Akiwa kitandani, akaanza kuchora kwa bidii.

Detroit nako hakukuwa rahisi. Julai mimba yake iliharibika. Septemba, mama yake akafariki huko Mexico.

Ni mwaka huohuo alipojichora amesimama juu ya jiwe la mpaka, bendera ndogo ya Mexico mkononi. Upande mmoja kuna hekalu la kale, jua, mwezi na maua yenye mizizi. Upande wa pili kuna maghorofa, mashine na mabomba ya moshi yenye jina la Ford. Bendera ya Marekani inaelea ndani ya moshi. Ukiangalia vizuri, chini ya ardhi waya za umeme zinakutana na mizizi ya maua.

Picha hiyo aliichora kwenye kipande cha bati. Huko Mexico, mtu aliyenusurika ugonjwa au ajali huchorewa kisa chake kwenye bati, kisha hupeleka kanisani kama shukrani. Frida aliuchukua utamaduni huo wa watu wa kawaida akausimulia upweke wake.

Walirudi Mexico mwishoni mwa 1933. Lakini nchi aliyoililia ilichelewa: onyesho lake la kwanza la peke yake nyumbani lilifanyika Aprili 1953. Alikuwa mgonjwa sana, akaletwa kwa ambulensi na kuwapokea wageni akiwa kitandani, katikati ya ukumbi.

Alifariki Julai 13, 1954, akiwa na miaka 47. Nyumba ya bluu aliyokulia ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1958. Sasa Wamarekani ndio wanaovuka mpaka kwenda kumwona.