Poul la Cour, Mwalimu Aliyefuga Upepo

Hapa Giheke mtu akitaja umeme, mara tunafikiri maji ya mto Rusizi na mtambo wa Mururu uliojengwa miaka ya 1950. Lakini nchi ya Denmark ni tambarare, haina maporomoko makubwa wala migodi ya makaa ya mawe. Upepo ndio mali yake. Basi, wasomaji wapenzi, nawasimulieni habari za mwalimu mmoja wa huko.

Poul la Cour alizaliwa mwaka 1846 karibu na mji wa Ebeltoft. Alisomea elimu ya hali ya hewa, akapata cheo kizuri Copenhagen, tena akavumbua vyombo vya kupeleka habari kwa waya. Mtu wa namna hii angeweza kukaa mjini na kutajirika. Yeye mwaka 1878 alihamia kijiji cha Askov, akafundisha hesabu na fizikia katika shule ya vijana wa mashambani.

Jambo lililomsumbua ni hili: taa za umeme zilikuwa za watu wa mijini tu. Mwaka 1891 serikali ilimpa fedha, akajenga kinu cha upepo pale Askov, akakiunga na dinamo. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kuzungusha dinamo si kazi ngumu. Kazi ni kwamba upepo hauna adabu. Sasa unavuma kwa nguvu, punde umelala, na dinamo inataka mwendo wa sawasawa.

Dawa yake ilikuwa rahisi ajabu. Ule mkanda wa kupeleka nguvu kwenye dinamo aliupitisha kwenye gurudumu lililoshikwa na mkono wenye uzito, mfano wa mizani. Upepo ukizidi, mkono huvutwa, mkanda hulegea na kuteleza, na dinamo haipati zaidi ya kipimo chake. Akatengeneza pia swichi ya kujiendesha yenyewe: upepo ukipungua, inakata waya, umeme wa betri usije ukarudi nyuma na kupotea.

Na siku zisizo na upepo je? Betri za wakati ule zilikuwa ghali mno. La Cour alitumia umeme kuyatenganisha maji, akapata hewa mbili, haidrojeni na oksijeni, akaziweka katika matangi. Tangu 1895 hata 1902 shule iliwaka taa za hewa hizo. Hatari haikukosekana: hewa hizo zikichanganyika hulipuka, na mara kadhaa vioo vya madirisha vilivunjika. Nadhani wanafunzi wake hawakusinzia darasani!

Baadaye alipima mabawa madogo ndani ya bomba lenye upepo wa feni, akaona kwamba mabawa machache yaendayo mbio hushinda mabawa mengi ya polepole. Mwaka 1902 kijiji cha Askov kikapata umeme, safari hii kwa betri. Mwaka 1903 alianzisha chama cha umeme wa upepo, na mwaka uliofuata akaanza kuwafunza vijana wa vijijini ufundi wa umeme.

Alifariki Aprili 1908, umri wake miaka 62. Kufika mwaka 1918 Denmark ilikuwa na vituo vya umeme wa upepo kama 120. Mmoja wa vijana aliowafunza mwaka 1904, Johannes Juul, alijenga huko Gedser mwaka 1957 kinu cha mabawa matatu chenye nguvu za kilowati 200, kikafanya kazi miaka kumi.