Nikola Tesla na umeme unaosafiri mbali

Wakati wa mavuno hapa Ndungu, mashine za kukoboa mpunga hunguruma kutwa. Zile za umeme wa njia tatu zinazungushwa na mota ambayo asili yake ni kazi ya Nikola Tesla. Wasikilizaji wetu, leo tunamwangalia mtu huyo.

Alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kipo Croatia. Mwaka 1884 alihamia Marekani, akaajiriwa katika kampuni ya Thomas Edison. Baada ya miezi michache aliacha kazi, na kuna wakati aliishi kwa vibarua vya kuchimba mitaro.

Edison aliuza umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja kama wa betri ya tochi. Wakati huo hapakuwa na njia rahisi ya kupandisha volti zake. Umeme wa volti ndogo ukisafirishwa mbali, nyaya zinapata joto na nguvu inapotea njiani. Kwa hiyo mteja alilazimika kuwa karibu na mtambo, kilomita moja au mbili tu.

Umeme wa AC hugeuka mwelekeo mara nyingi kila sekunde, na kwa sababu hiyo transfoma inaweza kuupandisha volti ili usafiri, kisha kuushusha ufikapo. Transfoma ilikuwepo tayari. Kilichokosekana ni mota nzuri ya AC. Tesla aliibuni, akapata hati zake mwaka 1888, na George Westinghouse akanunua haki. Upande wa Edison ulitangaza kwamba AC inaua watu, lakini mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo, zaidi ya kilomita 30.

Mitambo ya Mto Pangani, kama Hale na Nyumba ya Mungu, inafuata njia hiyo hiyo.

DC haikufa. Ipo kwenye sola na betri ya simu yako, na chaja hugeuza AC kuwa DC.

Tesla alifariki Januari 7, 1943, akiwa peke yake katika chumba cha hoteli New York, na madeni juu.

Sisi tumebaki na ile transfoma juu ya nguzo. Mtu akiiba mafuta yake, kijiji kinarudi gizani na mashine ya mpunga inanyamaza, hata kama Mto Pangani umefurika.