Mjumbe Aliyekuja kwa Merikebu

Tusikiapo habari za mabalozi, fikira zetu huenda kwenye ndege, majumba makubwa na hati zenye mihuri. Twasahau ya kuwa katika pwani yetu ubalozi ulianzia chomboni. Kwa ajili hiyo yafaa tuyakumbuke maisha ya Ahmad bin Naaman al-Kaabi, aliyefariki mwaka 1869.

Ahmad alikuwa mzaliwa wa pande za Basra, akawa karani mwaminifu wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters alifika Unguja kuwa konseli wa nchi hiyo. Adabu ya pwani yataka mtu aliyetembelewa naye aende kutembelea. Ndipo Ahmad alipotumwa.

Mwezi Februari 1840 merikebu Sultana ilitoka Unguja, ikaizunguka Afrika kwa kusini, na tarehe 30 Aprili ikatia nanga New York. Ilichukua tende, kahawa, mazulia, ngozi, karafuu, pembe za ndovu na sandarusi. Rais Martin Van Buren aliletewa zawadi, wakiwamo farasi wawili. Kwa kuwa sheria haikumruhusu kuzipokea ziwe mali yake, Bunge likaamua zipokewe kwa niaba ya taifa, na farasi wakauzwa.

Merikebu ilikuwa imechakaa kwa safari. Serikali ya Marekani ikaitengeneza kwa gharama yake yenyewe. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu: mabaharia wa mataifa yote wajua ya kuwa chombo kilichochoka hakiachwi bandarini kikaoza, na wema huo uliunganisha nchi mbili kuliko wino wa mkataba. Mwezi Agosti Ahmad aliondoka, akiwa ameacha picha yake iliyochorwa na Edward Mooney.

Wasomaji wetu wa Chumbi na wa delta ya Rufiji wasidhani kwamba hayo ni mambo ya Unguja peke yake. Sandarusi ilichimbwa katika ardhi ya pwani hii ya bara, Rufiji ikiwamo. Na boriti za mikoko ya delta zilisafirishwa kwa majahazi, miaka nenda miaka rudi, zikaezeka nyumba za Arabuni. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi.

Wala tusifiche aibu ya zama zile. Karafuu zilizopakiwa Sultana zilitoka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa, na majina yao hayakuandikwa popote. Twamheshimu Ahmad kwa adabu na ushujaa wake. Lakini heshima hiyo haitimii mpaka tuwakumbuke na wale waliochuma, waliochimba na waliopakia. Mjumbe hubeba salamu za mfalme, lakini shehena ni jasho la watu.