Al-Khwarizmi: Mwanachuoni aliyetufunza aljebra

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ijumaa hii tunamkumbuka mwanachuoni ambaye vijana wetu wa Mtwara huisoma elimu yake darasani pasi na kumjua. Huyu ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyezaliwa takriban mwaka 780. Nisba yake yatokana na Khwarizm, nchi ya Asia ya Kati, lakini kazi zake alizifanya Baghdad, katika Baytul Hikma, zama za Khalifa Al-Ma'mun (813-833).

Aliandika juu ya nyota, jiografia na tarakimu za Kihindi. Hata hivyo, kilichomtukuza zaidi ni kitabu chake cha Al-Jabr wal-Muqabala. Al-jabr ni kurejesha kilichopunguzwa. Muqabala ni kuzikabilisha pande mbili na kuondoa zinachoshirikiana. Sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu wasia na mirathi, ili kila mwenye haki apate fungu lake.

Tuchukue mfano wa bandarini kwetu. Mtu ana kamba ya mita 20, naye ataka kuzungushia magunia ya korosho katika eneo la mstatili lenye mita za mraba 21. Urefu na upana, vikijumlishwa, ni 10. Al-Khwarizmi, aliyeandika kwa maneno bila herufi yoyote ya x, aliitatua hesabu yenye tarakimu hizi hizi. Chukua nusu ya 10, ambayo ni 5. Izidishe kwa yenyewe, upate 25. Toa 21, ibaki 4, ambayo kipeuo chake ni 2. Punguza 2 katika 5, au ongeza: pande ni 3 na 7.

Je, akitaka mita 25? Jibu ni moja: 5 kwa 5. Na akitaka 30? Hapo Al-Khwarizmi alibainisha kwamba, ile 25 ikizidiwa na kinachotakiwa, hesabu haina jibu. Kamba ile haitoshi kwa mstatili wowote wa eneo hilo.

Hapa pana funzo kubwa. Mwenye elimu hupima kwanza kama jibu lipo, na lisipokuwepo husema kweli. Katika mirathi vivyo hivyo: marehemu akiusia nusu ya shamba kwa asiye mrithi, na warithi wasiridhie, hapatafutwi ujanja, wasia hurudi kwenye theluthi. Anayelazimisha hesabu isiyowezekana humdhulumu yatima.

Al-Khwarizmi alifariki takriban mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu chake kwa Kilatini. Jina la kitabu likazaa neno aljebra, na jina lake mwenyewe likazaa algorithimu, neno la wataalamu wa kompyuta.

Wazazi wenzetu, tusiwaache watoto waidhanie hisabati kuwa ni elimu ya wengine. Ni amana yetu pia.

Wabillahi Tawfiq.