Aniceti Kitereza na Uhalisia wa Maisha ya Kawaida

Mjadala wa uhalisia katika riwaya ya Kiswahili aghalabu huanzia miaka ya 1970, hususan kwenye Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Hata hivyo, riwaya yenye uhalisia mpana zaidi ilikuwa imekamilika tangu 1945, kwa Kikerewe. Mwandishi wake alikuwa Aniceti Kitereza.

Kitereza alizaliwa kisiwani Ukerewe mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya, karibu na Bukoba. Mwaka 1919 alimwoa Anna. Hawakujaliwa kubaki na mtoto, lakini Kitereza hakumwacha mkewe, ingawa jamii iliuhesabu utasa kuwa sababu tosha ya kuivunja ndoa.

Suala hilo ndilo kiini cha riwaya yake. Myombekere ananyang'anywa mkewe Bugonoka na wakwe kwa sababu ya masimango ya ndugu zake juu ya utasa. Humrudisha kwa subira na kwa pombe ya ndizi. Kilimo, uvuvi, tiba na adabu za ukweni vinaelezwa kwa undani, lakini kila kipengele kinabebwa na mhusika mwenye haja yake.

Thamani ya mbinu hiyo hubainika zaidi tukio hili likilinganishwa na lile la Rungwe. Huko, katika miaka ya 1930, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliyachunguza kwa makini maisha ya Wanyakyusa, vikiwemo vijiji vyao vya marika. Matokeo yalitolewa kwa Kiingereza, kikiwemo kitabu cha Monica cha 1951. Mnyakyusa alielezwa na mgeni, kwa lugha ya mgeni. Mkerewe alijieleza mwenyewe.

Kujieleza huko kulikuwa na gharama. Padri Almas Simard, aliyemhimiza Kitereza kuandika, hakufanikiwa kupata mchapishaji, kwani wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Gerald na Charlotte Hartwig walimshauri aitafsiri kwa Kiswahili. Mzee huyo aliifanya kazi hiyo mwenyewe, na Tanzania Publishing House ikaikubali. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla ya kukishika kitabu chake.

Kwa hiyo, kuianza historia ya uhalisia na tarehe za uchapishaji ni kuipotosha. Lugha ndogo huchelewesha kitabu, haicheleweshi fikra. Ni miswada mingapi ya Kinyakyusa, Kihaya au Kigogo ambayo haikupata Kiswahili cha kuivusha?