Al-Marhum Abdulwahid Sykes na Makuli wa Bandarini

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba habari za ujira na migomo si mambo ya dini, na kwamba amshughulikiaye kuli ameiacha njia ya wachamungu. Mwenye dhana hiyo na ayatazame maisha ya al-marhum Abdulwahid Kleist Sykes.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1924. Babu yake alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji katika jeshi la Wajerumani. Baba yake, Mzee Kleist, alikuwa katibu wa kwanza wa African Association mwaka 1929, kisha akawa miongoni mwa walioasisi Al-Jamiatul Islamiyya mwaka 1933. Basi kijana huyu alilelewa katika nyumba ambamo kuitumikia dini na kuwatumikia watu havikutenganishwa.

Vita Vikuu vya Pili vilimpeleka Burma pamoja na askari wa K.A.R. Vita vilipokwisha, maisha ya mjini yalikuwa mazito: bei zimepanda, na ujira wa kuli haumtoshi yeye na wanawe. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mgomo ukaenea mjini, kisha ukaifuata reli ya kati hadi bara, na mwisho wake ujira ukaongezwa. Watu waliokuwa wakihesabiwa kama mizigo waliyoichukua wakatambua nguvu ya neno lao likiwa moja. Wakaunda chama, na mwaka 1948 Abdulwahid akawa katibu wake, umri wake miaka 23 tu.

Baada ya yeye kuondoka, mgomo wa mwaka 1950 uliingia fujo na mapambano na polisi, na chama kikavunjwa. Hapo pana mazingatio: haki ile ile inayopatikana kwa nidhamu hupotea kwa ghadhabu.

Lakini mbegu haikufa. Mwaka 1950 Abdulwahid alikuwa katibu wa T.A.A., na rais wake Dakta Vedast Kyaruzi. Katika kamati ya siasa ya chama hicho aliketi pia Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni mkubwa, wala hakuona kwamba kuwatetea wanyonge kunampunguzia elimu yake.

Tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglou, uongozi wa T.A.A. ulimwendea Julius Nyerere. Abdulwahid alishindwa katika uchaguzi huo, naye hakununa wala hakugawa watu. Alibaki kuwa msaidizi, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 alikuwa mmoja wa waasisi 17. Kadi yake ilikuwa namba 3. Uhuru wa Tanganyika ulipatikana Desemba 1961.

Alifariki tarehe 12 Oktoba 1968, hajatimiza miaka 44.

Enyi ndugu, kumdai dhalimu haki ya mnyonge ni ibada, na kumwachia mwenzio kiti kwa maslahi ya umma ni jihadi ya nafsi. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie tuwe wenye kuzingatia. Amin.