Imamu Shafi na Mtafuta Kibla

Tangu huku kwetu Hulugho hata Lamu na Mombasa, aghalabu ya Waislamu hujinasibisha na Imamu Shafi, Mungu amrehemu. Lakini wengi wetu hatumjui ila kwa jina. Naye ni Muhammad bin Idris, Mkureshi, aliyezaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra (767), mwaka ule ule aliofariki Imamu Abu Hanifa. Alikuwa yatima na fakiri. Mama yake akamchukua Makka, akahifadhi Kurani angali mtoto, kisha akenda Madina kusoma kwa Imamu Malik. Baadaye, Baghdad, alisoma na kujadiliana na Muhammad bin Hassan, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Hivyo akazijua njia zote mbili, ya watu wa Hadithi na ya watu wa rai.

Katika kitabu chake Risala alizipanga dalili: Kurani, Sunna ya Mtume (S.A.W.), ijmaa, kisha kiyasi, yaani jambo lisilotajwa kupewa hukumu ya lililotajwa kwa sababu inayoyakutanisha. Humo akapiga mfano wa kibla. Aliyeko mbele ya Kaaba huielekea kwa yakini. Aliye mbali hutazama jua, nyota, milima na pepo, akajitahidi. Mchunga ngamia wa nyika zetu huufahamu mfano huu kuliko akaaye mjini baina ya mihirabu kumi. Hana ruhusa ya kuelekea apendako, wala haachi kusali ati kwa kuwa Kaaba haioni.

Mwaka 199 wa Hijra alihamia Misri, na huko akayageuza mengi aliyoyasema Iraki. Ndiyo maana twasikia kauli ya zamani na kauli mpya. Basi na wazingatie hayo wale waipingao Hadithi sahihi kwa kusema: sisi ni Mashafi! Katika kauli mpya wakati wa Magharibi ni mfupi mno. Lakini Nawawi, katika Minhaji, aliipa nguvu ile ya zamani, kwamba hudumu mpaka wekundu wa machweo utoweke, kwani Hadithi iko upande wake. Je, Nawawi alitoka katika madhehebu?

Imamu alifariki Misri mwisho wa Rajabu, mwaka 204 (820). Mwanafunzi wake Muzani alipoifupisha elimu yake kitabuni, alitangulia kumweleza msomaji kwamba mwalimu wake alikataza kufuatwa kwa upofu, yeye au mwanachuoni mwingine yeyote.